Mwamba wa Mida au mchanga wa Mayungu?

Ukiwa Malindi na una siku moja tu ya bahari, nenda kwenye kisiwa cha mwamba kilichoko mlangoni mwa hori la Mida, upande wa Watamu, kile wageni wanachokiita Whale Island. Fungu la mchanga la Mayungu, kati ya Malindi na Watamu, ni zuri, silikatai: maji yakipwa mchanga mweupe unachomoza katikati ya bahari, watoto wanacheza bila kuogopa kina. Lakini maji yakijaa, limekwisha. Na upepo wa kusi na wa kaskazi huusogeza mchanga wake.

Mwamba haukimbii. Ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, na mawimbi yameula chini kwa miaka mingi hadi ukingo umening'inia juu ya maji kama ukumbi wa nyumba. Kwenye nyufa utaona kaa, chaza na konokono wa baharini. Msimu wa kusi buabua, ndege wa baharini, hutaga mayai juu ya jiwe lenyewe, bila kujenga kiota cha maana. Hapo nakuomba sana: usipande. Ndege wakiruka kwa hofu, mayai yanabaki juani. Zunguka kwa mashua, tazama kwa mbali.

Ukipanda nje ya msimu huo, vaa viatu, jiwe lile linakata. Mayungu unaweza kwenda pekupeku, ila panga safari siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo maji hupwa sana. Pote pawili muulize nahodha saa ya maji kabla ya kulipa.