Huduma ya "wazazi toeni maoni" kuhusu mipaka ya shule: naipa nyota mbili na nusu

Kwa wenzangu mlioko huku Maryland mliopata ile barua ya bodi ya shule mkaibandika kwenye friji mkasema mtaisoma wikendi, someni hapa kwanza. Mi nimeipitia huduma yote, barua, ramani ya mtandaoni, fomu ya maoni mpaka mkutano wa jioni. Kaunti yetu siitaji maana mwanangu bado anasoma humo, ila naipa nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya yule kijana wa hedifoni, nitamfikia.

Kwa asiyejua mambo ya huku: shule ya serikali unapewa kwa anwani ya nyumba unayolala. Sio kama nyumbani Tanzania unasubiri TAMISEMI, ofisi ya serikali, watangaze mtoto kapangiwa wapi, huku kuna mstari umechorwa kwenye ramani, ukiwa ndani ya mstari shule yako ni hii, jirani yako akiwa nje yake ni ile. Sasa shule zikifurika watoto mpaka wanasomea kwenye vile vibanda nyuma ya uwanja, au ikijengwa shule mpya, inabidi mistari ichorwe upya, na hapo ndo watu wazima wenye suti wanapiga kelele kama wako sokoni. Kaunti ya Howard, hapa hapa Maryland, mwaka 2019 mkuu wa shule za kaunti alipendekeza wahamishwe watoto zaidi ya 7,000, bodi ikavutana nayo miezi kadhaa wee, Novemba ikapitisha kama 5,400. Kwa hiyo mkisikia "ni utafiti tu wa mipaka" msilale.

Tuanze na barua. Nashukuru imekuja kwa Kiswahili, si kila kaunti inajisumbua. Lakini Kiswahili chenyewe jamani, kimepita kwenye mashine bila mtu kukigusa. Imeandikwa kwamba mtoto wa gredi ya kumi na moja "anaweza kufanywa babu". Babu! Nimecheka kwanza alafu nikaona hatari yake, maana kwa Kiingereza lile neno, "grandfathered", lina babu ndani ila maana yake ni mtoto anaachwa amalizie pale pale alipo hata kama mstari umehama, na hiyo ndo sentensi muhimu kuliko zote kwa mwenye mtoto wa hai skuli. Chini yake kuna "shule ya kulisha", wakimaanisha shule ya msingi ambayo watoto wake wakimaliza wanaendelea kwenye shule fulani ya kati. Jirani yangu mmoja, mama wa Uvira kule Kongo, alielewa ni shule watakayokuwa wanagawa chakula akaniuliza mbona ya kwetu haimo kwenye orodha. Simlaumu hata kidogo.

Ramani ya mtandaoni. Unaandika anwani, inakuonyesha ramani nne zinazopendekezwa, A, B, C na D, na shule utakayopangiwa kwenye kila moja. Kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri sana, nawapa haki yao. Kwenye simu ni balaa, kile kisanduku cha kuelezea rangi kinafunika nusu ya kioo na kuna kijani mbili ambazo mi mpaka leo sijazitofautisha, nilivuta karibu mpaka nikaona paa la nyumba yetu na gari la baba watoto limeegeshwa. Na nikaona kitu kingine: kwenye ramani A na B mstari unapita katikati ya barabara yetu. Katikati kabisa. Upande wetu shule hii, upande wa pili wanapokaa watoto wanaosimama na wangu kituo kimoja cha basi kila asubuhi, shule ile. Mchoraji nadhani aliona barabara tu, kituo cha basi hakionekani kwenye ramani.

Fomu sasa. Inakuambia upange kwa umuhimu: ukaribu wa shule, mtoto asihamishwe-hamishwe, madarasa yasijae, na mchanganyiko wa wanafunzi. Hawajavitunga wenyewe hivi, kaunti ya Montgomery nao sera yao ina mambo manne ya aina hiyo hiyo. Na mchanganyiko wenyewe huwezi kumpangia mtoto shule kwa rangi yake peke yake, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishakata hilo mwaka 2007, ndo maana wanaangalia kipato, yaani ni watoto wangapi wanakula chakula cha shule bure au kwa bei nafuu. Sawa. Ila mzazi gani atakwambia ukaribu namba moja, mtoto kuhamishwa namba nne? Vyote namba moja! Nilichotaka kuwaambia ni kwamba mwanangu akipangiwa ile shule ya ramani B ni karibu kweli, atatakiwa kutembea, lakini anavuka barabara ya njia sita yenye malori. Hilo halina sehemu ya kupangwa, kuna kiboksi kidogo mwishoni kimeniishia nikiwa katikati ya neno "malori".

Mkutano ulikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, ukumbi wa kulia chakula wa hai skuli. Mi nahudumia wazee, zamu yangu inaanza saa tisa alasiri mpaka saa tano usiku, kwa hiyo ilibidi nibadilishane na mwenzangu nikamlipa kwa Jumapili yangu. Nikafika naangalia huku na huku, wa apatimenti zetu tulikuwa wanne. Wanne, na hakuna ramani hata moja kati ya zile nne isiyohamisha baadhi ya apatimenti hizo! Wenye nyumba zao walijaa, wamevaa tisheti za rangi moja, wana karatasi wameprinti na rangi. Baba mmoja akasimama akasema alinunua nyumba pale kwa ajili ya shule ile, na akihamishiwa nyingine bei ya nyumba inaanguka. Watu wakanong'ona kumchukia ila nilimwelewa, mkopo wa miaka 30 si mchezo, na alisema wazi kilichowaleta wengi pale. Wengine walizunguka na maneno ya "jamii yetu".

Mkalimani wa Kiswahili hakuwepo kwa sababu anaombwa siku tano kabla, na hilo limeandikwa kwenye barua, ukurasa wa tatu, baada ya babu. Yule kijana wa hedifoni, anayegawa za kusikilizia tafsiri, alipoona mama wa Uvira kakaa tu akamtafutia ya Kifaransa, akamwekea mwenyewe sikioni, akaja kila baada ya dakika kumi kumuuliza kama anasikia. Ndo hapo yule mama akaanza kuongea. Kumbe mtoto wake wa gredi ya nne ameshahamishwa mara moja walipochora mistari kipindi kilichopita, na ramani C inamhamisha tena.

Sasa mi ramani C ndo niliyoichagua. Nilishajaza fomu siku tatu kabla, nikaipa C namba moja kwa sababu barabara yetu haiguswi, basi. Nimewasema watu wa tisheti hapo juu lakini nilifanya kile kile walichofanya wao, tofauti sikuwa na tisheti. Nikarudi nyumbani saa nne usiku nataka kubadilisha, fomu haibadilishwi ukishatuma. Nikachukua laptopu ya mwanangu nikajaza upya kutoka mwanzo, D namba moja, na ikapokea! Haikuuliza jina, haikuuliza mtoto anasoma wapi, imeniandikia asante kwa maoni yako. Kwa hiyo kwenye ile ripoti watakayosoma wakubwa mi ni wazazi wawili wenye mawazo tofauti. Na kama mi mtu wa kuchoka nimejaza mara mbili, wale wa tisheti sijui. Hapa ndo nyota mbili zimepotea kwa mpigo, mana wakija kusema wazazi wengi wanataka ramani fulani wamewahesabu vipi?

Ramani yenyewe ya kompyuta ningeipa nne, barua moja. Anayetaka kuitumia asitumie simu, aende maktaba, pale kompyuta ni bure. Kiboksi cha maoni andika kwanza pembeni uone urefu.

Mkutano wa pili ni wiki ijayo, Alhamisi. Mkalimani nimeshaomba, mhudumu kwenye simu akaniuliza ni wa watu wangapi nikamwambia wawili, mimi na jirani. Akasema sawa, ila Kiswahili cha nchi gani?