Loop Habit Tracker: programu isiyomwadhibu aliyechoka

Huu ni mwezi wa saba nikitumia Loop Habit Tracker, programu ya simu za Android ya kufuatilia mazoea ya kila siku, na tathmini hii namwandikia hasa yule ambaye akitoka kazini bado ana mgonjwa wa kuuguza, na ambaye akishauriwa apange maisha yake upya huona ameongezewa mzigo. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, na baada ya kumgeuza kitandani na kusahihisha madaftari, aghalabu hulala saa saba usiku.

Nilianza na programu nyingine, iliyohesabu siku za mfululizo. Nilifikisha siku 23 za kunyoosha mgongo, kisha mama akazidiwa, tukakesha hospitali, na nilipofungua simu nikakuta sifuri. Niliifuta papo hapo, na mazoezi yenyewe nikayaacha kwa wiki nyingi.

Loop hupima nguvu ya zoea kwa asilimia. Anayetimiza jambo kila siku hufika takriban asilimia 80 baada ya mwezi mmoja na 96 baada ya miezi miwili. Akikosa siku moja akiwa kwenye 80, hushuka hadi 76 hivi, na kesho yake akirejea huanza kupanda tena. Hesabu hiyo inaafikiana na utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ambao uliwafuatilia watu 96 na kuona kwamba kukosa mara moja hakuvurugi zoea linalojengeka kwa kiasi cha kutajika. Kwa mtu aliyelemewa, naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Lipo pia chaguo la kuichelewesha siku mpya hadi saa tisa usiku, nami nalishukuru sana, kwa kuwa ninachokifanya saa saba kinahesabiwa kwenye siku niliyoitumikia.

Wiki ya kwanza niliandika mazoea manane, na programu haikunizuia, ingawa ingefaa imwonye mgeni. Sasa nimebaki na matatu. Nikishabandika sufuria ya chai, nakunywa glasi ya maji niliyoifunika kwa kisahani tangu usiku kando ya jiko, na kabla maziwa hayajapanda nimeshamaliza na kutia alama. Kunyoosha mgongo nimekupunguza kuwa dakika mbili, mara tatu kwa wiki, na programu inakubali mpango huo bila kuzihesabu siku nyingine kuwa ni kosa. La tatu ni kukaa na mama barazani dakika kumi, simu ikiwa ndani.

Programu ni ya bure, haina matangazo, haidai kujisajili wala haihitaji intaneti. Upungufu wake ni kwamba kumbukumbu hubaki ndani ya simu tu: anayebadilisha simu hana budi kutoa nakala mwenyewe na kuihamisha, la sivyo anaweza kupoteza kila kitu. Wenye iPhone nao hawana toleo lao. Dada yangu, ambaye ni mmoja wao, amechora visanduku nyuma ya kalenda ya ukutani jikoni kwake, na kalamu ameifunga kwa uzi kwenye msumari uleule.