Daktari Mchina safi, ila dirishani kwao nimetoka nikitetemeka kwa hasira

Nianze na mazuri, maana yapo, na sitaki mtu aseme nimeandika kwa chuki. Mama yangu ni mtu mzima, ana presha ya siku nyingi, na mwaka huu mafua yalimganda. Anapona kidogo, anarudi kukohoa. Jirani akatuelekeza kliniki moja ya dawa za Kichina maeneo ya Kariakoo, kwamba pale wanapandisha kinga ya mwili. Tukaenda mvua za masika zilipokatika.

Daktari mwenyewe ni mzee mtaratibu sana. Alimshika Mama mkono, akaweka vidole vitatu kwenye mshipa, akanyamaza, kisha akahamia mkono wa pili. Akautazama ulimi. Akauliza kupitia kwa kijana mkalimani: analala saa ngapi, anatokwa jasho hata akiwa amekaa tu, chakula cha usiku anakula saa ngapi, maji anakunywa ya friji au ya moto. Hospitali tunayokwenda siku zote hawajawahi kumuuliza hayo, na siwalaumu, foleni yao naijua.

Akatueleza kuwa kwao kuna nguvu ya ulinzi wanayoiita weiqi, inazunguka karibu na ngozi kuzuia maradhi yasiingie, na inatokana na chakula kilichosagika vizuri tumboni. Ndiyo maana ushauri wake wa kwanza haukuwa dawa. Alale kabla ya saa tano usiku. Aache maji ya barafu. Ale mapema, aache kula ugali saa nne usiku halafu moja kwa moja kitandani. Asubuhi anyooshe viungo taratibu, akamwonyesha miondoko ya baduanjin, kunyanyua mikono juu na kuvuta pumzi. Halafu akainama, mzee wa watu, akamwonyesha Mama pa kubonyeza kwa dole gumba: vidole vinne chini ya goti, upande wa nje wa mfupa. Zusanli, ndivyo wanavyopaita. Mama alicheka kama msichana. Kwa hapo tu nilikuwa tayari kuwapa nyota zote tano.

Sasa twende dirishani.

Tumefika na karatasi ya daktari, imeandikwa Kichina kitupu. Dada wa dirishani akatutolea pakiti za unga wa kahawia, mfuko mzima, hazina jina wala maelezo, zimepigwa muhuri tu. Akasema kifurushi cha kinga ni miezi mitatu, lipa hapa. Nikamsalimia, nikamwuliza kwa heshima: "Dada, samahani, humu ndani kuna nini? Mama anatumia dawa za presha."

Hakuniangalia. "Ni miti shamba, haina madhara."

"Miti gani?"

"Hiyo ni siri ya dawa. Na vidonge vya presha aviache kwanza, mwili usafishike."

Aviache! Mtu mwenye presha ya miaka, kaambiwa dirishani na mtu ambaye hajampima hata presha yenyewe! Nikaomba nirudi kwa daktari dakika moja. Akasema daktari ana watu. Kisha akamgeukia mwenzake, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Bibi ana kinga ndogo kwa sababu ya wasiwasi wa watoto wake." Mama yuko pale, anasikia. Shikamoo hakupewa, jina lake hakuulizwa, kafanywa hadithi ya kupitishia muda. Mama akanivuta mkono tulipe tuondoke, naye hapendi ugomvi. Tukalipa.

Msinielewe vibaya, mimi si wale wanaosema dawa ya Mchina ni uchawi. Dawa ya mseto tunayomeza tukiugua malaria ina asili ya mmea wao, qinghao. Kitabu cha Ge Hong, tabibu wao wa kale, cha karne ya 4, kilisema loweka mmea kwenye maji, kamua, kunywa maji yake. Mwanasayansi wao mmoja, mama Tu Youyou, akasoma pale akagundua kwamba moto ndio ulikuwa unaiharibu dawa, akaitoa bila joto kali, na mwaka 2015 akapewa Nobeli. Lakini leo boksi la mseto limeandikwa kila kilichomo na kipimo chake. Hicho ndicho nilichoomba dirishani, basi.

Na siulizi kwa ubishi. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipewa dawa za kupunguza unene zenye mimea ya Kichina waliharibika figo, kwa sababu mmea mmoja uliingizwa badala ya mwingine wenye jina linalofanana nao. Zaidi ya mia. Walipewa na kliniki, hawakuokota barabarani.

Nyumbani nikaipiga picha ile karatasi, simu ikaitafsiri. Siri yenyewe ikawa hii: huangqi, baizhu, fangfeng, na gancao. Mitatu ya kwanza ni mchanganyiko wao wa zamani sana kwa watu wa mafua ya mara kwa mara na jasho, kwa hiyo mzee alimsikiliza Mama vizuri. Gancao ni mzizi mtamu wa jamii ya urukususu. Nikampelekea mfamasia wa hospitali anakotibiwa presha, akasimama palepale kwenye gancao. Ukiutumia kwa wingi au kwa muda mrefu unafanya chumvi na maji vibaki mwilini, potasiamu inashuka, presha inapanda. Na Mama anameza kidonge cha kukojosha, ambacho nacho kinashusha potasiamu. Miezi mitatu hiyo!

Hapo hata kwa daktari nikaanza kusita. Mama alimwambia mkalimani kabisa kuwa ana presha, nilisikia. Kilichofika kwa Kichina kilikuwa kifupi mno. Je, mzee aliambiwa? Kama hakuambiwa, kosa ni la kliniki nzima, si la dada mmoja mwenye mdomo.

Nikarudisha pakiti zikiwa hazijafunguliwa. Jibu: dawa ikishatoka dirishani hairudi, pesa pia.

Mama sasa analala mapema, anakunywa maji ya moto, anabonyeza goti lake kila jioni, vidonge vyake vya presha anavimeza kama kawaida, na kikohozi kimepungua kweli. Anataka turudi kwa mzee. Nitampeleka, ila nitakwenda na mkalimani wangu mwenyewe na orodha ya vidonge vyake mkononi, na dirishani hatupiti. Nilipoanza kuandika nilisema moyoni nyota tatu. Nawapa mbili, zote za mzee.