Mwaka na nusu na flatibedi: uzoefu wangu

Karatasi ya plaiwudi ina upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44. Bodi la kiwandani la pikapu yangu, kati ya matao mawili ya magurudumu, lilikuwa na mita 1.1. Sentimita 12 hizo zimenisumbua miaka sita. Kila nikibeba plaiwudi inapanda juu ya matao, nachomeka vipande vya mbao chini yake isipinde, na bado zile karatasi za chini zinafika kona zimebonyea. Mimi ni seremala. Mteja hajali gari langu lina matao au halina, anachoona ni kona iliyobonyea.

Basi nikaamua kuling'oa bodi lote na kuweka flatibedi: sakafu bapa, haina kuta, inapita juu ya matairi badala ya kuyapisha. Gari lenyewe ni la kebini moja, lina chesisi yake (fremu ya chuma ya chini) na springi za majani nyuma. Nalitaja hilo mapema kwa sababu zipo pikapu ambazo bodi na kebini vimetengenezwa kuwa kitu kimoja. Kama yako ni ya aina hiyo, achana na mpango huu. Ukikata bodi umekata gari.

Kung'oa kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Bodi la kwangu lilishikwa na bolti sita. Tulizipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, asubuhi nne zikakubali spana, mbili zikakatwa kwa grainda. Kabla ya kunyanyua kuna vitu vitatu vya kuachanisha: soketi ya waya za taa, skrubu za mdomo wa kujazia mafuta, na kawaya kembamba kanakotoka kwenye mdomo huo kwenda kwenye chesisi. Hako kawaya watu hukakata na kukasahau, kumbe ni ka ethi: kazi yake ni kuondoa umeme tuli wakati unajaza mafuta. Tulipomaliza, watu wanne tukalibeba bodi kwa mikono na kuliweka chini.

Usikimbilie kufunga jipya siku hiyohiyo. Juu ya tangi la mafuta nilikuta kiota cha panya, na juu ya chesisi tope gumu la miaka yote niliyolimiliki gari. Nilichukua siku nzima kukwangua kwa brashi ya waya, kuosha na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Chesisi hutaiona tena wazi namna hiyo mpaka siku utakapong'oa kitu kingine.

Kuhusu fundi, nilienda kwa wawili. Wa kwanza alipiga hesabu haraka na kuniambia atachomelea vyuma vyake moja kwa moja kwenye chesisi, "haitatikisika hata kidogo." Nikamshukuru nikaondoka. Chesisi imeundwa ijipinde kidogo barabara ikiwa mbovu, na mahali palipochomelewa panakuwa pagumu na pakavu kuliko chuma cha jirani, ndipo ufa unapoanzia. Wa pili sikumuuliza chochote. Aliingia chini ya gari, akatoka akijifuta mikono, akasema, "Bosi, chesisi haichomelewi wala haitobolewi. Matundu ya kiwanda yapo, tutatumia hayohayo." Kazi nikampa palepale.

Na kwa kweli kazi ya vyuma aliifanya vizuri. Alilaza vyuma viwili virefu vya mraba juu ya chesisi, katikati akaweka mpira mnene ili chuma kisisagane na chuma, akafunga kwa bolti kwenye matundu ya zamani. Juu yake akapanga vyuma vya kukatiza. Kila alipotaka kuchomelea kitu kikiwa tayari juu ya gari, alitoa kwanza nyaya za betri, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta ya gari au altaneta. Kati ya kebini na bodi aliacha nafasi ya vidole vinne, kwa sababu kebini na bodi havichezi pamoja gari likiingia shimoni. Nimeona pikapu iliyobanwa bila nafasi hiyo. Nyuma ya kebini imebonyea kana kwamba mtu ameipiga nyundo.

Urefu wa sakafu kutoka chini ndio tulibishana. Mimi nilitaka iwe chini kadiri inavyowezekana, nipakie bila kujiumiza. Yeye hakubishana kwa maneno: alipakia mifuko ya mchanga juu ya vile vyuma mpaka springi zikalala, kisha akaniita nichungulie tairi limebakiza nafasi gani. Ilikuwa kiganja. Nikanyamaza. Sakafu yangu sasa iko sentimita 90 kutoka chini, na mfuko wa saruji wa kilo 50 unaupandisha hadi pale ukiomba mgongo usikusaliti. Hiyo ni hasara na sitaificha. Bodi la zamani lilikuwa chini zaidi na ulikuwa unafungua mlango wa nyuma unasukuma.

Sakafu yenyewe nilitandika mwenyewe kwa mbao ngumu za sentimita 4. Chuma kitupu kikilowa kinateleza, na mzigo ukicheza juu yake ni kelele safari nzima. Aluminiamu ni nyepesi na haili kutu kama chuma, lakini wanaojua kuichomelea vizuri ni wachache, na pale inapogusana na chuma lazima utenganishe kwa mpira au plastiki, la sivyo unyevu ukiingia aluminiamu inaanza kuliwa. Mbao ikivunjika nabadilisha moja. Nimeacha upenyo mdogo kati ya ubao na ubao ili zikivimba kwa mvua zisibanane na kunyanyuka, na maji yanapita humo.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa mabodi haya hawalisemi kwa sauti. Bodi la zamani tulilipima: kilo 130. Jipya na mbao zake ni kilo 240. Kilo 110 hizo zimetoka kwenye mzigo niliokuwa naruhusiwa kubeba, kwa sababu chesisi, springi na breki ni zilezile alizoziacha mtengenezaji. Flatibedi inadanganya macho. Nafasi imeongezeka, uwezo umepungua. Mwezi wa kwanza nilipakia mbao mbichi mpaka nikaona zimejaa vizuri, gari lilipoanza kunyanyua pua nikajua nimekosea, nikashusha theluthi. Kama pikapu yako ina kile kifimbo kinachounganisha eksili ya nyuma na valvu ya breki, mpe fundi wa breki akiangalie baada ya kubadilisha bodi. Kazi ya kifimbo hicho ni kusoma springi zimekaa wapi ili breki za nyuma zipate nguvu ya kutosha, na sasa gari tupu linakaa tofauti na zamani.

Sasa malalamiko. Mpira wa kujazia mafuta.

Bodi la kiwandani lilikuwa na mdomo wa mafuta ubavuni. Flatibedi haina ubavu, kwa hiyo mdomo lazima ufungwe chini ya ukingo wa sakafu. Fundi akatafuta mpira mrefu zaidi, akaufunga, akaniambia tayari. Nikaenda kituo cha mafuta. Pampu ikakata. Nikabonyeza tena, ikakata. Lita moja, tak. Nusu lita, tak. Nyuma yangu foleni, mhudumu ananitazama kama nimekuja kumchezea. Nilikaa dakika kumi na tano kupata lita kumi na mbili, na tone la mwisho likaruka likanilowesha mkono.

Nilirudi gereji tukalala chini ya gari wote wawili na tochi. Mpira ulishuka kutoka mdomoni, ukalegea katikati ukafanya tumbo, kisha ukapanda kidogo kabla ya kuingia tangini. Mafuta yalikuwa yanalala kwenye tumbo lile na kuziba njia, hewa ya tangini haina pa kutokea, inayasukuma mafuta juu mdomoni na kuizima pampu. Kibaya zaidi, ule mpira mwembamba wa kutolea hewa ulikuwa umekunjwa na kamba ya plastiki. Alipandisha mdomo, akafupisha mpira mpaka ukawa mteremko mmoja bila bonde, akaufungua ule wa hewa. Tangu siku hiyo najaza bila kusimama. Ukimpa mtu kazi hii mwambie mapema: mpira wa mafuta ushuke moja kwa moja, na uwe mpira wa mafuta kweli, si wa maji. Kisha nenda kajaze tangi kabla hujamlipa salio.

Taa nazo zilikuwa na vituko vyao. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ya breki ya kulia inawaka kwa kufifia. Anayekufuata haelewi unakwenda wapi. Ilikuwa ethi: fundi alifunga waya wa ethi kwenye chuma kilichokwisha kupakwa rangi, umeme ukawa unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine. Tulikwangua rangi, tukafunga kwenye chesisi tupu, kwisha. Baadaye nilipoweka taa za LED indiketa zikaanza kupepesa haraka kama gari lina wasiwasi. Taa hizo zinakula umeme kidogo mno, gari likadhani balbu imeungua. Ilibadilishwa fleshia tu, kile kifaa kinachozipepesa indiketa. Usisahau pia taa ya namba ya gari, maana kwenye bodi la zamani ilikuwa kwenye bampa, na bampa imeondoka.

Lakini lililoniuma ni tairi la akiba. Lilikuwa linaning'inia chini ya bodi kwa mnyororo, unalishusha kwa kuingiza nondo kwenye tundu la nyuma na kuzungusha. Fundi alilirudisha mahali pake vizuri kabisa. Miezi minne ikapita, nikapata pancha jioni nikiwa na milango sita iliyokwisha kupigwa vanishi. Natoa nondo, natafuta tundu, tundu halipo. Chuma cha nyuma cha flatibedi kimepita sawasawa mbele yake. Tairi naliona, naligusa, halitoki. Ilibidi nilale chali kwenye vumbi na kuukata mnyororo kwa msumeno wa mkono kidogo kidogo, shati la kazi likaisha siku hiyo. Fundi nilipompigia alicheka kwanza, kisha akaniambia nilete gari, akatoboa tundu jipya bure na kunifungia mnyororo mwingine. Kicheko nimemsamehe, kwa sababu hata mimi sikukumbuka kujaribu.

Pamoja na hayo yote, sitarudi kwenye bodi la zamani. Plaiwudi inalala bapa, karatasi baada ya karatasi, na nafasi ya kupitisha mikanda inabaki. Folkilifti inapakia kutoka ubavu wowote, haihitaji kuingia kwa nyuma na kusukuma mzigo kwa uma zake. Nikiwa kazini sakafu ni meza: napimia hapo, nakatia hapo, nimesimama wima. Chini ya sakafu, mbele na nyuma ya matairi, nimefungiwa masanduku mawili yenye kufuli, ndimo spana na kamba zinamolala. Mbele, nyuma ya kioo cha kebini, kuna wavu wa chuma uliosimama. Huo usiukose. Ukikanyaga breki kwa nguvu, ubao mrefu uliolegea unakuja na kichwa chako ndicho kiko mbele yake.

Kilichonitoka ni kuta. Zamani nilikuwa narusha kitu nyuma naondoka. Sasa kila kitu kinafungwa, hata ndoo tupu. Nimepoteza koti la mvua, fremu moja ya dirisha na kiti cha plastiki ambacho sijui kiliangukia wapi. Baadaye niliomba vishimo vya chuma pembeni mwa sakafu, nachomeka mbavu za mbao nikibeba vitu vidogo vidogo, nazitoa nikibeba karatasi. Kulabu za kufungia mikanda ziwe nyingi na zishikwe kwenye vyuma vya chini, si kwenye ubao. Kwangu ziko kumi na bado kuna siku natamani mbili zaidi. Kona za nyuma nazo, kwa urefu ule, zinakutana na paja lako sawasawa. Kila aliyefanya kazi na mimi ana alama, mimi ninazo mbili. Kona hizo nimezikata mviringo na kuzifunika mpira wa tairi la zamani.

Kuhusu karatasi, niliwaarifu bima kabla ya kubadilisha, na nikauliza kama umbo jipya linapaswa kuandikwa kwenye kadi ya gari. Nchi nyingi zinataka hivyo. Ilikuwa usumbufu wa siku moja.

Bolti zikague baada ya kilomita mia chache za kwanza, maana mpira na rangi vikishakandamizwa, bolti hulegea. Zangu nne zilikuwa zimelegea, moja ningeweza kuizungusha kwa vidole. Sasa nazikagua kila nikibadilisha oili. Wiki iliyopita zote zilikuwa zimekaza, isipokuwa ile ya kulia nyuma, ambayo kila mara inanidai robo ya mzunguko.