Pleya tatu kwa Pentium 4: VLC, MPC-HC na MPlayer, na kwa nini FFmpeg, programu ya kugeuza video, inazitangulia zote

Dalili ni ileile, kompyuta iwe kwenye ofisi ya kijiji Chamwino, maabara ya shule Kongwa au sebuleni Chang'ombe. Flashi imeletwa, ndani yake kuna video ya kwaya iliyorekodiwa kwa simu mpya. Sauti inaimba vizuri, lakini picha imeganda, na kila baada ya sekunde mbili tatu waimbaji wanaruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine. Fundi wa kwanza atasema ongeza RAM. Usitoe hela yako. Kwa Windows XP, RAM ya megabaiti 512 inatosha kuchezesha video, na kuipandisha hadi gigabaiti 2 hakutaongeza hata fremu moja kwa sekunde.

Kinachoelemewa ni prosesa. (Mtaani boksi lote huitwa CPU, humu prosesa ni kile kipande chenyewe kilicho chini ya feni.) Video huhifadhiwa ikiwa imegandamizwa, na kila fremu lazima ifumbuliwe kabla ya kuonekana. Prosesa ya Pentium 4 ilitoka mwaka 2000. Mbinu ya kugandamiza video iitwayo H.264 ikaja mwaka 2003, H.265 mwaka 2013 na AV1 mwaka 2018. Kila kizazi kinapunguza ukubwa wa faili kwa kumwongezea mzigo anayefumbua. Halafu kuna ukubwa wa picha. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina pikseli mara tisa ya fremu ya 640 kwa 360. Ya 4K ina mara thelathini na sita. Hiyo ndiyo hesabu inayoiangusha mashine, wala si "XP imechoka".

Pleya zinazostahili kupimwa kwenye mashine hizi ni tatu.

VLC ndiyo ya kuanza nayo. Chukua toleo la 3.0 la biti 32, na hakikisha XP ina Service Pack 3. Usihangaike kuipakua kwa kutumia kompyuta hiyohiyo: Internet Explorer 8 kwenye XP haiwezi usalama wa TLS 1.2 unaodaiwa na tovuti nyingi leo, kwa hiyo ukurasa hautafunguka. Pakua kwenye laptopu mpya, hamisha kwa flashi, na flashi hiyo iwe imefomatiwa kwa FAT32. XP haisomi exFAT bila sasisho la KB955704, na kadi kubwa za kamera, kuanzia gigabaiti 64, huja na exFAT.

Uzuri wa VLC ni kwamba kodeki zake, yaani vifumbuzi vya video, zimo ndani, hutafuti kifurushi cha kodeki cha pembeni ambacho mara nyingi huja na uchafu. Udhaifu wake kwenye XP ni kwamba haiisukumii kadi ya picha kazi ya kufumbua. Njia ya DXVA2 inayotumika siku hizi ilianza na Windows Vista. Kila kitu kinabebwa na prosesa. Ndiyo maana mipangilio miwili ina thamani kubwa. Bonyeza Ctrl+P, ingia "Input / Codecs", tafuta "Skip H.264 in-loop deblocking filter" na uweke "All". Hapo pleya inaacha hatua ya kulainisha kingo za vipande vya picha, na prosesa inapata nafuu inayoonekana kwa macho. Gharama yake ni madoa ya mraba, hasa kwenye ukuta mtupu na anga, na makosa hayo hulimbikizana hadi fremu kamili inayofuata. Mpangilio wa pili uko kwenye "Video": chagua "DirectX (DirectDraw)" ili kadi ya picha ifanye walau kazi ya kutanua picha ijae skrini. Funga VLC, ifungue tena.

Ili ujue kama umefanikiwa, cheza video kisha bonyeza Ctrl+J. Ukurasa wa kodeki utakwambia faili ni H.264, HEVC (ndiyo H.265) au nyingine. Ukurasa wa takwimu unahesabu fremu zilizopotea. Namba ikipanda mfululizo, mashine imezidiwa. Ikipanda mwanzoni tu kisha ikatulia, iache.

MPC-HC, toleo la 1.7.13 la mwaka 2017, ni nyepesi kuliko VLC kwa sura na kwa matumizi, nayo pia inakubali XP. Sababu halisi ya kuichagua ni moja: kama boksi lina kadi ya NVIDIA kama GeForce 8400 GS, vichujio vya LAV vilivyomo ndani yake vinaweza kutumia "NVIDIA CUVID", na hapo H.264 inafumbuliwa na kadi. Video ya 1080 iliyokuwa imeganda inateleza. Kadi hiyo haifumbui H.265, kwa hiyo usiinunue ukitegemea hilo. Angalia pia nafasi ya kuchomekea kadi kabla ya kulipa. Ubao wenye nafasi ya zamani ya AGP peke yake haupokei kadi ya PCI Express, na GeForce za mfululizo wa 8 hazikutengenezwa kwa AGP. Itabidi upate ile ya PCI ya kawaida, ambayo ni adimu. Maboksi membamba ya ofisini, ambayo ndiyo yamejaa kwenye mitumba, yanataka kadi fupi yenye bati fupi. Bila kadi ya namna hiyo, MPC-HC na VLC hazitofautiani vya kutosha kukusumbua.

MPlayer ni ya mtu asiyeogopa kuandika amri. Inabana prosesa kuliko zote mbili, na kwenye Linux nyepesi ndiyo ningeiweka bila kufikiri:

mplayer -vo directx -framedrop -lavdopts fast:skiploopfilter=all kwaya.mp4

Kwenye Linux badilisha directx kuwa xv. Kwa mwalimu anayetaka kubofya mara mbili na kuanza somo, si pleya rafiki.

Sasa matarajio, kwa haki. Pentium 4 ya gigahezi 3 inabeba H.264 ya mistari 480 bila shida, ya 720 kwa kubahatisha, ya 1080 haiwezi. H.265 kutoka kwenye simu, sahau. AV1, sahau kabisa. Pentium III iko chini zaidi, na haina maelekezo ya SSE2, kwa hiyo programu nyingi mpya hazifunguki hata kabla hujafika kwenye video. Core 2 Duo, iliyoanza mwaka 2006, ni habari nyingine: inacheza H.264 ya 1080 iliyo ya kawaida, na kama unanunua mtumba leo kwa ajili ya darasa, usishuke chini ya hapo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba pleya bora kwa kompyuta ya zamani ni kuandaa faili kabla halijafika kwake. FFmpeg ni bure, inafanya kazi kwenye laptopu yoyote mpya, na amri moja inamaliza kazi:

ffmpeg -i kwaya.mp4 -vf scale=640:-2 -r 30 -c:v libx264 -preset slow -profile:v baseline -tune fastdecode -pix_fmt yuv420p -crf 23 -maxrate 1200k -bufsize 2400k -c:a aac -ac 2 -b:a 128k kwaya_xp.mkv

Kila kipande kina kazi yake. "scale=640:-2" inashusha upana na kuacha urefu ujipange wenyewe kwa namba shufwa; video iliyorekodiwa simu ikiwa wima, andika scale=-2:480. "-tune fastdecode" inazima kulainisha kingo tangu wakati wa kugandamiza, na hii ni bora kuliko kuizima kwenye VLC, kwa sababu mgandamizaji anajua kwamba hatua hiyo haitakuwepo na anapanga fremu zake kwa kuzingatia hilo. Makosa hayalimbikizani. "-pix_fmt yuv420p" ni ya lazima kwa simu zinazorekodi kwa biti 10: ukiisahau, wasifu wa baseline (ngazi nyepesi ya H.264) unakataa na amri inakatika na ujumbe wa kosa. Rangi za HDR zitatoka zimepauka kidogo, na sauti ya chaneli sita inakuwa mbili ili maneno yasizame.

Kuhusu "-r 30": simu hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka, na pleya za zamani hupoteza ulinganifu wa sauti na midomo zikikutana nayo. Namba hii inainyoosha. Video ya fremu 60 inakuwa nusu yake barabara. Ya fremu 50 au 25 ipe 25. Usigeuze 30 kuwa 25, kwa sababu kila fremu ya sita inatupwa na mwendo wa kamera unashtuka.

Faili linaishia na mkv kwa makusudi. Mp4 huandika faharasa yake mwishoni. Umeme ukikatika kazi ikiwa asilimia 95, faili zima halifunguki. Mkv iliyokatika inacheza hadi pale ilipofikia. Kwa mgandamizo huu, saa moja haizidi takriban megabaiti 600, hivyo hata send-off ya saa tano haigusi ule ukomo wa gigabaiti 4 kwa faili kwenye FAT32. Asiyependa amri atumie HandBrake, programu ya kugeuza video kwa kubofya: kwenye ukurasa wa "Video" chagua wasifu "baseline" na uweke alama kwenye "Fast Decode".

Faili likiwa sawa na bado picha inakwama, tatizo liko kwenye chuma. Hapa Dodoma naanza na vumbi. Upepo wa kiangazi unajaza vumbi jekundu kati ya mapezi ya alumini juu ya prosesa. Pentium 4 ikipata joto kali inajipunguzia kasi yenyewe. Alama yake ni hii: video inateleza dakika kumi za mwanzo, kisha inaanza kukwama bila kubadilisha kitu. Toa feni, piga mswaki mkavu, puliza kwa bloa nje ya nyumba huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Grisi ya prosesa ikiwa imekauka, futa na uweke mpya, ukubwa wa punje ya choroko. Kwenye soketi 478 usivute mapezi kwa nguvu: grisi iliyoganda hung'oa prosesa pamoja nayo huku soketi ikiwa imefungwa, na pini zinapinda. Washa kompyuta dakika kumi ipate joto, zima, chomoa umeme, kisha zungusha taratibu kushoto na kulia ndipo unyanyue. Ukiwa humo, tazama kapasita. Zilizovimba kichwani ni za kubadilisha.

Jingine ambalo mafundi wengi hulipita ni diski kuu. XP ikipata makosa sita ya usomaji inaishusha diski kutoka DMA, ambapo data hupita bila kuisumbua prosesa, hadi PIO, na prosesa inaanza kubeba kila baiti kwa mkono. Fungua Device Manager, "IDE ATA/ATAPI controllers", "Primary IDE Channel", "Advanced Settings". Ukiona "PIO Mode", ondoa chaneli hiyo kwa "Uninstall" na uwashe upya; XP itaitambua tena. Ikirudi PIO baada ya siku chache, badilisha kebo bapa, uweke ya nyuzi 80.

Kwa mashine ya Windows 98, VLC ya mwisho inayokubali ni ya mfululizo wa 0.8.6. Itayarishie MPEG-1, ileile ya VCD:

ffmpeg -i kwaya.mp4 -vf "scale=352:216,pad=352:288:0:36" -target pal-vcd kwaya.mpg

Zile namba za pad zinaweka mistari myeusi juu na chini. Ukiziacha, kwenye skrini ya chogo kila mwimbaji atatoka mrefu na mwembamba.