Miji minne kwa siku kumi na mbili: uzoefu wetu, mimi na Baba Salma

Nianze na bei, maana ndiyo kila anayeingia dukani kwangu anayoniuliza kabla hata hajapokea salamu. Kifurushi kilikuwa milioni tisa na laki nne kwa kichwa: siku 12, miji minne, yaani Istanbul, Roma, Paris na Berlin. Ndani yake mna ndege kutoka Dar na kurudi, hoteli, chai ya asubuhi, basi la kuzungushwa mjini na kiongozi wa msafara. Viza, bima, chakula cha mchana na cha usiku ni juu yako. Tulilipa kwa awamu nne. Kiinua mgongo cha Baba Salma kilibeba sehemu kubwa, vitenge vyangu vikamalizia. Wakala mwenyewe, mtu wa Dar, simtaji jina. Si mbaya kiasi cha kuchafuliwa, wala si mzuri kiasi cha kupigiwa debe.

Sisi wa mikoani tunalipa zaidi ya bei iliyoandikwa, hili alipaswa kutuambia mapema. Alisema tutakwenda Dar mara moja tu kutoa alama za vidole. Tulikwenda mara tatu. Ya kwanza vidole, ya pili karatasi iliyopungua, ya tatu kuchukua pasipoti. Kutoka hapa Lindi ni kama kilomita 450 kwenda tu, basi la alfajiri, na kila mara tukamlemea shemeji yangu wa Mbagala. Karatasi iliyopungua ilikuwa tafsiri ya cheti cha ndoa. Ndoa yetu ina miaka zaidi ya thelathini, watoto wanne, wajukuu sita, lakini kwa kuwa cheti ni cha Kiswahili ikawa kama tumeokotana stendi. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza Italia, Ufaransa na Ujerumani, ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000, na hilo tuliambiwa zikiwa zimebaki siku chache. Mwenye duka kama mimi ajipange na leseni, namba ya mlipa kodi na taarifa ya benki. Hela iliyofungwa kwenye kona ya khanga haihesabiki huko.

Tuliondoka mwezi wa saba. Lindi ilikuwa kipupwe, kusi linavuma, Baba Salma ana sweta. Tumeshuka Istanbul jua linawaka kama la Januari kwetu, sweta likawa mzigo hadi siku ya mwisho.

Istanbul ndiyo sehemu wakala aliyoifanya vizuri. Hoteli ilikuwa mahali alipoahidi, chai ya asubuhi ina zeituni, jibini, mayai na asali, na kiongozi wa msafara alikuwa bado hajachoka na sisi. Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wenye minara sita uliojengwa kati ya mwaka 1609 na 1616, hauna kiingilio; unavua viatu, unajistiri, unaingia. Hagia Sophia, msikiti mwingine wa pale, ni mambo mengine. Mtalii wa kigeni analipa euro 25 na anapandishwa ghorofani, chini wanaachiwa wanaosali. Baba Salma alingoja adhuhuri akaingia chini na waumini, akasali, akatoka anatabasamu. Mimi niliyelipa nilimwona kwa juu.

Kilichonikaa zaidi ni kivuko. Sizungumzii ile mashua ya watalii ambayo wakala alitaka tuongeze hela, nasema kivuko cha watu wa pale, wanaotoka kazini na mifuko ya nyanya, wanavuka Bosphorus kutoka upande wa Ulaya kwenda upande wa Asia. Unakaa na chai yako kwenye kigilasi kidogo. Baba Salma akasema, "Mama Salma, hiki si kivuko cha Kitunda hiki?" Kweli, ukiondoa ukubwa, ni kilekile cha kwetu Lindi. Tuliporudi upande wa Ulaya tukala mkate wa samaki Eminönü: mkate mwingi, samaki kidogo. Ingekuwa kwetu ungemrudishia mwenyewe.

Roma ndiko tulikoanza kununa. Ratiba ilisema hoteli iko "karibu na katikati ya mji". Ilikuwa karibu saa nzima kwa basi, kwenye mtaa ambao hata duka la maji lilifungwa mchana. Halafu lile jengo kubwa la mviringo, Colosseum, limeandikwa kwenye kifurushi kuwa "tutaliona". Tukaliona. Kwa nje, dakika ishirini, kila mtu apige picha, twende. Tulipouliza kuingia, kiongozi akatufungulia karatasi na kutuonyesha neno. Kwa hiyo ewe unayetaka kulipa, soma vitenzi: "kuona" ni kupita nje, "kutembelea" ni kuzunguka eneo, "kuingia" ndiyo tiketi. Mimi niliyezoea kupima kitenge kwa mkono na kwa rula nilipitwa na hilo.

Ila Roma ina vibomba vya chuma mitaani, maji baridi yanatiririka mchana kutwa na ni ya kunywa, bure. Beba chupa yako. Na chemchemi ya Trevi, ile ya kutupia sarafu, Baba Salma aligoma katakata: hela itupwe majini tunaitazama? Alipoambiwa sarafu zinaopolewa na kupelekwa shirika la Caritas kwa ajili ya maskini, akatoa euro mbili, akanong'ona nia ya sadaka, akazitumbukiza taratibu kama anaziweka mfukoni mwa mtu.

Sasa jambo ambalo watu hawaliandiki: maji ya chooni. Istanbul yapo. Roma kuna kibeseni pembeni ya choo, nacho kinafaa. Paris kwenye hoteli yetu karatasi tu, na Berlin hivyohivyo, kwa hiyo chupa ileile ya Roma ikapata kazi ya pili. Chakula nako, jifunze neno moja kila nchi na usilisahau: nguruwe ni maiale kwa Kiitaliano, porc kwa Kifaransa, Schwein kwa Kijerumani. Nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja. Berlin haina shida sana, Waturuki wamejaa na nyama yao ya kuzungushwa, ukiuliza kama ni halali wanakujibu vizuri.

Paris siisemi sana. Mnara wa Eiffel una mita 330 na ngazi 674 kufika ghorofa ya pili, na goti la Baba Salma halikutaka hata kuzisikia, tukakaa kwenye nyasi. Ndipo tulipogundua jua haliendi. Kwetu saa kumi na mbili na kitu jioni Magharibi imeingia. Pale saa tatu usiku watoto bado wanacheza mpira. Magharibi iliingia karibu saa nne usiku, Isha tukaisubiri kama watu wanaosubiri basi lililoharibika njiani. Mnara ulipoanza kumetameta, dakika tano kila inapogonga saa, nusu ya kundi letu walikuwa wamelala juu ya mikoba. Ratiba nayo ikataka tuwe chini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliyeipanga hajawahi kusali kiangazi cha Ulaya.

Kutoka Paris kwenda Berlin kuliandikwa "usafiri". Kumbe ni basi, usiku kucha, zaidi ya kilomita elfu moja. Wenzetu wa Dar walilalamika sana. Sisi watu wa barabara ya kusini tulilala; lami yao haina matuta.

Na hapa Berlin ndipo pana neno langu hasa. Nilikubali kifurushi hiki kwa sababu ya Berlin. Mtu yeyote wa Lindi amesikia tangu shule ya msingi habari ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale aliyechimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Bibi yangu mzaa mama, Mmwera, alikuwa akituhadithia kuwa wazee wake walibebeshwa mifupa mizito kama mawe, kwa siku kadhaa, kutoka porini hadi bandarini hapa Lindi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu vita vya Maji Maji viishe. Nilimwandikia wakala tangu Januari: makumbusho hayo yamo kwenye ratiba? Akajibu kuwa Berlin kuna muda huru.

Muda huru ulikuwa Jumatatu. Jumatatu makumbusho hayo yanafungwa. Jumanne ilikuwa ya kupelekwa kwenye maduka ya nguo nje ya mji, kisha uwanja wa ndege jioni. Nilisimama mbele ya kiongozi nikamwambia, mimi nguo nauza, sikuja kununua. Akasema tukijitenga ni kwa hatari yetu na hela hairudi. Sawa.

Tukaingia treni ya chini ya ardhi wenyewe. Hakuna geti, hakuna wa kukuzuia. Tiketi tulinunua, Mungu shahidi, ila hatukujua kuwa kuna kisanduku pale jukwaani unaigongesha muhuri kabla ya kupanda. Wakaguzi wamevaa kama abiria. Euro 60 kwa kila mmoja. Baba Salma aliwaonyesha tiketi, akawaonyesha pasipoti, akawaonyesha mpaka mvi zake. Tukalipa.

Kituo kinaitwa Naturkundemuseum, unatoka unatembea kidogo. Unakata tiketi, unaingia ukumbi wa kwanza, na yupo. Hukuandaliwa kwa lolote. Mita 13 na sentimita 27 kwenda juu, shingo imenyooka kuelekea paa la vioo, na watoto wa Kijerumani wamekaa chini kwenye miguu yake wanachora. Kando yake wapo wenzake wa udongo uleule, mmoja ana miiba kuanzia mgongoni hadi mkiani. Nilitafuta neno kwenye kibao, nikalikuta: Tendaguru. Limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi.

Baba Salma, mtu wa maneno mengi, hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Walimbebaje?" Nikamwambia kichwani, na kwa miti mabegani, vipandevipande. Akakaa kwenye benchi. Tulikaa saa mbili na nusu, na hizo ndizo pekee za safari nzima ambazo hakuna mtu aliyetuhesabia vichwa.

Hoja ya kuwarudisha imeshafika bungeni zaidi ya mara moja, sina la kuongeza. Mimi kilichonitia aibu ni kingine: nimeishi Lindi maisha yangu yote na nimekata viza kwenda kumwona, wakati alikotoka sijakanyaga.

Kwa huduma, nampa wakala nyota tatu kati ya tano. Ndege na Istanbul safi, Roma alituchezea maneno, Berlin alitunyima tulichokiomba miezi sita kabla. Vijana wenye magoti mazima watafurahi. Wazee wenzangu, chukueni miji miwili na mwombe kila siku iandikwe jina lake, Jumatatu ni Jumatatu. Nilidai fidia ya siku ya Jumanne, sijajibiwa.

Juzi nimemwita dereva wa gari la kukodi pale stendi atupeleke upande wa Mipingo hadi Tendaguru kabla mvua hazijaanza. Akataja bei ya kunifukuza. Kisha akauliza, "Kwani mama, huko mnaenda kuona nini?" Nikamwambia mashimo. Akaniangalia, akapunguza.