Mitego ya nzi wa maembe: kopo lilijaa, funza wakabaki

Siku ya tatu baada ya kutundika mitego nilifungua kopo la kwanza, nikakuta nzi wamelala chini kama majani ya chai. Nikacheka peke yangu shambani. Wiki chache baadaye napasua embe, funza hao.

Kivutio chenyewe kilikuwa methili yujenoli, kwenye kipande cha pamba kilicholoweshwa pamoja na sumu ya kumuua anayeingia. Kina harufu ya kukaribia karafuu, na nzi aina ya Bactrocera dorsalis wanaikimbilia kweli. Tatizo ni kwamba wanaoikimbilia ni madume. Anayetoboa embe na kutaga chini ya ganda ni jike, na dume mmoja aliyeukwepa mtego anapanda majike kadhaa. Mitego yangu minne ilikuwa inanihesabia wadudu tu. Aliyeniuzia kivutio hakulitaja hilo.

Msimu uliofuata nikaongeza chambo cha protini, kile cha hamira kinachochanganywa na kiuatilifu. Jike anahitaji protini ili mayai yakomae, kwa hiyo hiki anakifuata. Sipulizi mti mzima: napiga sehemu moja ya majani kila mti, mara moja kwa wiki, matunda nayaacha. Mvua ikinyesha narudia, maana inaosha chote. Na maembe yaliyoanguka nayaokota kila baada ya siku mbili, nayafunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani. Ukiyaacha chini, funza wanatoka, wanazama udongoni, wanarudi wakiwa nzi. Kazi hii inachosha kuliko zote, wala hakuna anayeiuza.

Kuna kipindi makopo yalikuwa matupu nikadhani kivutio kimeisha nguvu. Kumbe sisimizi walikuwa wanabeba mizoga usiku! Nikapaka grisi kwenye waya, wakakoma. Pia tundika kivulini. Langu moja lililopigwa na jua lilikauka mapema kuliko mengine.

Jirani yangu alinunua kivutio hichohicho kwa matango yake akaambulia patupu. Nzi wa matango wana kivutio chao, uliza kabla hujalipa.

Mavuno ya mwisho bado niliyatupa mengine, ila kwa ndoo, si kwa mkokoteni. Chambo cha protini nitakinunua tena. Cha madume nitaweka makopo mawili tu, ya kunijulisha wameingia lini.